Maswali na majibu: Severian anakumbuka kila kitu, sawa, lakini...

Haya jamani. Wiki iliyopita niligusia tu, tena kwenye mstari mmoja, kwamba nimemaliza kusoma kwa mara ya tatu vile vitabu vinne vya Gene Wolfe, The Book of the New Sun, na nikasema mara hii ya tatu ndo nimeanza kumuogopa msimulizi wake. Basi maswali yakamiminika. Mi nilidhani tunaovisoma hivi vitabu huku kwetu tunaenea kwenye bajaji moja na dereva anabaki na nafasi ya kuweka mzigo, kumbe mpo, mmekaa kimya tu.

Kwa ambao hawajui tunaongea nini. Kuna kijana anaitwa Severian, yatima, kalelewa ndani ya chama cha watesaji, yaani watu ambao kazi yao halali kabisa kiserikali ni kutesa na kunyonga wafungwa. Dunia yenyewe ni hii hii yetu ila imezeeka mno, jua linafifia, mpaka mchana unaziona nyota. Kijana anampenda mfungwa mmoja, bibie Thecla, anampenyezea kisu ajimalize mwenyewe asiendelee kuteseka, na kwa kosa hilo anafukuzwa mjini na upanga mkubwa begani aende kufanya kazi ya unyongaji mji wa mbali unaoitwa Thrax. Hayo mengine ni njiani. Stori yote anaisimulia yeye mwenyewe, na anasema kabisa kwamba ana kumbukumbu isiyosahau kitu. Kitabu cha kwanza, The Shadow of the Torturer, kilitoka 1980, kwa hiyo wa kulalamika spoila naomba mnisamehe, miaka zaidi ya arobaini inatosha.

Twende.

"Dada, The Shadow of the Torturer nimekianza mara tatu na mara zote naishia kwenye zile sura za bustani. Kibovu kichwa changu au kitabu?" (Msomaji, Morogoro)

Wala hakuna kibovu hapo kaka. Kinachokuchosha ni maneno, na najua kwa sababu hata mimi mara ya kwanza nilikuwa nasoma na simu mkononi, kila mistari miwili natafuta neno, halafu simu yenyewe hailijui. Ukweli ni kwamba Wolfe hakuyabuni yale maneno, aliyafukua. Ni maneno ya zamani sana, ya Kigiriki, ya Kilatini, mengine Kiingereza cha karne hizo ambacho hata wenyewe wameshakisahau. Mfano fuligin, ile rangi ya joho la watesaji ambayo anasema ni nyeusi kuliko nyeusi, hiyo imetoka kwenye neno la Kilatini la masizi. Masizi tu, ya sufuria. Ukishajua hivyo unatulia.

Halafu kuna kitu watu wanakiruka, mwisho wa kitabu kuna kiambatisho kifupi kimesainiwa G.W., ambapo mwandishi anajifanya yeye siyo mwandishi, eti yeye ni mtafsiri tu, kapata maandiko kutoka lugha ambayo bado haijazaliwa, na pale alipokosa neno akachomeka neno la kale linalokaribiana. Soma hicho kwanza ukitaka. Maana yake ni kwamba hata kabla Severian hajaanza kukuchezea akili, katikati yenu kashasimama mtu mwingine anayekwambia "nimekisia".

Ushauri wangu, soma kama ulivyokuwa unasikiliza taarabu ya wakubwa ukiwa mtoto, umekaa mkekani, mama na shangazi zako wanacheka na kupigana vibao vya mapaja na wewe hujui hata wanamcheka nani. Hukuondoka, si ndiyo? Ulikaa, na ile mipasho ukaja kuielewa miaka kumi baadaye unafua nguo. Na hapo bustanini usiondoke kabisa kwa sababu kuna ziwa, na humo ziwani anatoka mtu, na huyo anayetoka majini ndiye mzigo wote wa kitabu. Umekuwa unashukia kituo kimoja kabla.

"Severian ni muongo au sio muongo? Nataka jibu moja, ndiyo au hapana, usizunguke." (Msomaji, Arusha)

Nitazunguka, nisamehe.

Nina baba mdogo aliendesha malori miaka mingi, Dar Tunduma, Tunduma Dar. Ana stori yake moja ya breki kukata akiteremka Kitonga, na hiyo stori anaisimulia vilevile neno kwa neno kila sikukuu, jinsi alivyopangua gia, jinsi alivyolibana lori kwenye kingo za mlima, jinsi lilivyosimama bovu kabisa na yeye akashuka akakaa kwenye jiwe akavuta sigara. Tunaipenda wote. Mimi nilikuwa mtu mzima kabisa, labda ni mara ya ishirini naisikia, ndipo nikashtuka. Mwanzoni mwa stori kuna utingo. Utingo anashuka Ilula ananunua ndoo ya nyanya, kuna na utani wa bei, halafu wanaanza safari, breki zinakata, lori linasimama, baba mdogo anavuta sigara. Utingo yuko wapi? Hayupo. Sijamuuliza mpaka leo na sidhani kama nitamuuliza.

Sasa niambie baba mdogo ni muongo au siyo muongo. Inawezekana kila neno alilotamka ni kweli tupu.

Severian ndo hivyohivyo. Msomaji wa mara ya kwanza anatafuta uongo kwenye yale anayoyasema, na hapo utatoka mikono mitupu, kwa sababu jamaa anakwambia. Anakwambia kila kitu! Sura ya kwanza kabisa, mwisho wake, anasema kwamba hapo ndipo alipoanzia safari ndefu iliyomfikisha kwenye kiti cha enzi kinyumenyume. Spoila ya vitabu vinne kaitoa mwenyewe kabla hujageuza kurasa ishirini, na nina hakika nusu yenu hamkuiona, mimi sikuiona, niliisoma kama pambo tu la maneno. Sura ya tatu ni hatari zaidi. Pale anakiri kwamba akilini hayuko sawasawa kwa kiasi fulani, kwamba amewadanganya walimu wake mara nyingi, na sasa hawezi tena kuwa na uhakika kama akili yake mwenyewe haimdanganyi yeye, na kwamba yeye anayekumbuka kila kitu hawezi kujua kama kumbukumbu zake siyo ndoto zake tu. Sura ya tatu! Halafu anaendelea kusimulia kana kwamba hakusema kitu na sisi tunamfuata kama kondoo.

Kwa hiyo mimi mara ya pili niliacha kutafuta uongo, nikaanza kumtafuta utingo. Kila mtu anapoingia kwenye stori naandika jina pembeni kwa penseli, na kila anapopotea naandika kapotelea wapi. Na hapo kitabu kinafunguka kama kabati la bibi.

Chukua mfano wa Dorcas, huyo anayetoka ziwani. Wanaanza kupendana, wanakuwa wapenzi. Lakini pale ziwani kulikuwa na mzee mmoja na kimtumbwi chake, anazunguka na ndoano miaka na miaka akitafuta maiti ya mke wake aliyezikwa humo majini, mke anaitwa Cas, alikufa akiwa bado msichana. Mzee anapita, tunaendelea na safari, tunamsahau. Sura chache mbele wanakaa kwenye mgahawa, mhudumu anaacha kikaratasi cha siri, na ndani yake kuna maneno kwamba wewe ni mama yangu umerudi tena. Tunadhani ni vioja vya barabarani. Kitabu cha nne, kule mwishoni kabisa, Severian anamrudia yule mhudumu, anaitwa Ouen, anamuuliza maswali ya kipolisi, ana picha ya mama yake shingoni, aliwahi kuwa na mwanamke ambaye walimkamata, na Severian akimtazama usoni anaona kitu. Sasa pangilia mwenyewe. Mke wa mzee ni mama wa mhudumu. Mhudumu ni baba wa nani?

Eeh. Msichana aliyekuwa analala naye njia nzima ni bibi yake mzaa baba. Na hili jambo, mtu anayejisifu hasahau kitu, mtu aliyetumia kurasa mbili kueleza jinsi mwanga unavyoingia kwenye chumba, hakutamkii wazi. Anamwagiza tu Ouen aende akamtafute Dorcas amtunze, basi, anabadilisha mada. Vipande vyote kakupa mkononi na kuviunganisha kakuachia wewe, kwa sababu yeye hana ubavu wa kuviunganisha kwa mdomo wake.

Na bado kuna Thecla. Kwenye kitabu cha pili Severian anakula nyama ya maiti ya Thecla, wanachanganya na dawa inayotoka kwa mnyama anaitwa alzabo, ambaye akimla mtu anameza na kumbukumbu zake. Tangu hapo Thecla yumo ndani yake. Kwa hiyo mtu anayeandika "mimi" tangu ukurasa wa kwanza, maana anaandika baadaye mambo yote yakiwa yameshapita, siyo mtu mmoja. Kuna sehemu wamefungwa yeye na rafiki yake kwenye chumba cha wafungwa cha ikulu, usiku wanaingia vijana wa kitajiri gizani wanawachapa mijeledi kwa kujifurahisha, na Severian anakumbuka kupigwa na papo hapo anakumbuka kuwa alishawahi kuwa mmoja wa wale wachapaji, kwa sababu Thecla alipokuwa binti wa ikulu alicheza mchezo huo. Nilipoisoma mara ya tatu nililala na taa inawaka, mtu mzima mimi.

Kwa hiyo jibu lako. Hapana, siyo muongo. Na usimwamini.

"Mwalimu wangu alisema fantasia ni ile yenye mapanga na sayansi ni ile yenye roketi. Hii iko wapi?" (Mwanafunzi, Kigoma)

Mwambie mwalimu shikamoo, halafu umwambie mnara wanaoishi watesaji NI roketi. Wamezeekea humo vizazi na vizazi na hawajui. Severian anaelezea kuta za chuma, vyumba vya chini, mitambo iliyokufa, na wewe unaona ngome ya kale ya mawe kwa sababu ana upanga na joho. Kuna mzee anasafisha picha kwenye jumba la michoro, picha moja ni ya shujaa kavaa deraya nyeupe, kofia yake haina tundu la macho, kioo cha dhahabu tu kinachoakisi jangwa, na kashika bendera iliyokakamaa haipepei. Kijana anaitazama, inamgusa, haelewi. Wewe unaielewa kabisa, ile picha ya mwezini umeiona hata kwenye madaftari ya shule. Na mwezi wake yeye ni wa kijani kwa sababu uliotesha misitu zamani, lakini kwake mwezi kuwa kijani ni kawaida kama kwetu majani, hasemi "ajabu". Wewe ndo inabidi useme.

Wolfe alikuwa injinia, hiyo inasaidia kuelewa. Kabla ya uandishi kumlipa alifanya kazi Procter & Gamble na alihusika kutengeneza mashine ya kukaangia Pringles, zile krispi za kwenye mkebe mrefu, ndiyo, hizohizo za supamaketi. Baadaye akawa mhariri wa jarida la mainjinia wa viwandani huku usiku anaandika haya. Na rasimu ya vitabu vyote vinne alikuwa ameshaandika kabla cha kwanza hakijatoka, ndo maana skrubu iliyolegezwa kitabu cha kwanza inaangusha ukuta kitabu cha nne.

"Dada yangu, nimefika kitabu cha pili na nataka kukitupa. Wanawake wote humu ama wanampenda ama wanataka kumuua, na wote ni wazuri. Wewe mwanamke mwenzangu umewezaje mara tatu?" (Msomaji, Mombasa)

Dada, haki yako kabisa, na sitakudanganya kwamba ukivumilia inapungua. Haipungui.

Niseme nilivyopita mimi. Mara ya kwanza nilikasirika kama wewe nikasema hawa waandishi wa kiume wa miaka ile wote ni walewale. Mara ya pili nikaanza kumtetea, nikawa nasema ah, ni Severian huyo siyo Wolfe, kijana kalelewa na wanaume watupu kwenye mnara wa mateso, unategemea amuoneje mwanamke. Mara ya tatu nimeona utetezi wangu ulikuwa nusu kweli na nusu uvivu. Kuna ile sehemu ya Jolenta kwenye mashua, kwenye bustani za ikulu. Jolenta ni yule mwigizaji aliyefanyiwa ufundi na daktari awe mrembo kupita kiasi. Severian anasimulia kama mapenzi ya mchana kivulini, maua, maji yametulia. Punguza mwendo uisome tena. Binti amesinzia, hayuko katika hali ya kukubali wala kukataa chochote. Na jamaa anapita hapo na falsafa nzurinzuri kuhusu tamaa na uzuri. Mtu mzima ukiisoma unajua ni nini kimefanyika pale, hata kama msimulizi hana jina lake.

Je Wolfe alijua anachokiandika? Mimi naamini alijua, kwa sababu Jolenta anavyoishia, uzuri unambanduka kama rangi mbaya ya ukuta mpaka anakufa porini akiwa amerudi kuwa msichana wa kawaida, mhudumu wa mgahawa kama alivyokuwa mwanzo, na inauma kweli. Lakini kuna wasomaji wazuri tu wanaosema hapana, mwandishi mwenyewe alikuwa anafurahia, na sina cha kuwafunga mdomo. Ukitaka kukitupa kitupe. Ila kama utaendelea, mtazame Agia, yule anayetaka kumuua. Ana sababu! Kaka yake kakatwa kichwa na mkono wa huyuhuyu msimulizi. Kwenye kitabu chake yeye, kama angeandika, shetani angekuwa nani?

"Mpangilio wa kusoma ukoje, na ni kuibia mtihani nikitumia kamusi ya mashabiki?" (Msomaji, Dodoma)

Soma vinne kwa mfuatano wake: Shadow, Claw, Sword, Citadel. Kuna cha tano, The Urth of the New Sun, cha 1987, huko Severian anaenda kutafuta hilo jua jipya lenyewe, na kinajibu maswali mengi, na kwa maoni yangu kinajibu mengi kupita kiasi, kama yule mgeni anayeeleza utani baada ya watu kucheka. Kisome lakini pumzika kwanza. Kamusi ipo, Lexicon Urthus ya Michael Andre-Driussi, ya 1994, kazi ya mtu makini. Mara ya kwanza iache. Mara ya pili ruksa.

"Ukilazimishwa kuchagua sura moja tu ya kurudia?" (Msomaji, Zanzibar)

Hata sifikirii. Stori ya Muascian, kitabu cha nne.

Severian yuko kwenye hema la majeruhi wa vita, wagonjwa wanashindana kusimulia hadithi, mshindi atampata bibie mmoja aitwaye Foila. Kati ya wagonjwa kuna mateka wa upande wa adui. Hao adui, Waascian, hawaruhusiwi kuongea maneno yao wenyewe. Wanaongea kwa sentensi zilizoidhinishwa na serikali yao tu, wamezikariri tangu utotoni, na jina la huyu mateka lenyewe ni kauli ya utii kwa Kundi la Kumi na Saba, ambao ndo wakubwa wao. Anasema naye anataka kusimulia. Sasa utasimulia vipi hadithi kwa kaulimbiu? Jamaa anaanza. Anatoa kauli moja kuhusu haki ya mfanyakazi, Foila anatafsiri, hapo zamani kulikuwa na mtu alilima kwa bidii. Anatoa kauli nyingine, Foila anatafsiri, wenzake wabaya walimpiga wakamfukuza. Na hivyo hivyo, kauli za ukutani zile zile, mpaka mbele yako kuna mtu mzima mwenye uchungu wake anayekwenda mji mkuu kudai haki na kurudishwa na kwenda tena.

Nyie watu wa pwani hii mnaielewa kuliko hata aliyeiandika. Mwanamke hasemi neno. Anajifunga kanga, anapita mbele ya mlango wa jirani, anarudi, basi. Maneno yaliyoandikwa pale siyo yake, yametungwa na mtu asiyemjua, yamechapishwa maelfu kwa maelfu, na jirani kaelewa mpaka kafunga dirisha. Na wazee wetu wa bara waliopitia mikutano ya "zidumu fikra za Mwenyekiti" watakwambia kwamba ile kauli moja ilikuwa na namna kama saba za kuitamka, na mojawapo ilikuwa tusi.

Lakini kilichonifanya niirudie siyo uzuri huo. Ni Foila. Mara ya kwanza nilimuona mkalimani, mara ya tatu nikajiuliza, hivi nani kasema hii ndo hadithi aliyoisimulia yule bwana? Sisi tumesikia kaulimbiu tupu na mdomo wa Foila. Angeamua mwingine kutafsiri, kwa kauli zilezile, tungepata hadithi nyingine kabisa, labda huyo mkulima angekuwa ndo mbaya. Severian mwenyewe analigusa jambo hilo kidogo akiwa kitandani, halafu analiacha. Na sisi tunamsoma Severian kupitia kwa G.W. aliyekisia maneno. Hesabu wakalimani wamefika wangapi.

"Kwa Kiswahili je? Au hivi vitu ni vya wazungu tu?" (Msomaji, Mwanza)

We wa Mwanza kabisa unaniuliza hivyo na mwandishi Kezilahabi ni mtu wa Ukerewe hapo jirani yako? Nagona, 1990, na Mzingile, 1991. Vidogo, unaweza kuvimaliza safari moja ya basi, ila utashuka hujui ulikuwa unaenda wapi. Siyo fantasia ya mapanga, hakuna watesaji, kuna "mimi" anayetembea kwenye nchi isiyoeleweka akitafuta kitu kisichoeleweka, njiani anakutana na vivuli vya wanafalsafa, wakati wenyewe haunyooki. Watu waliozoea riwaya yake ya Rosa Mistika walivishika wakadhani wameuziwa kitabu cha mtu mwingine. Shule zilitufundisha kusoma kitabu kwa kutafuta dhamira na ujumbe, tunajaza jedwali, tunafunga. Ukiingia Mzingile na jedwali lako unatoka nalo tupu. Mimi Nagona nimekisoma mara nne na ile ya nne ndo nilicheka kwa mara ya kwanza, kumbe kina vichekesho.

Tofauti ninayoiona, Wolfe anaficha jibu, lipo mahali, ukichimba unalipata ama unapata kipande. Kezilahabi hajaficha. Anakuuliza kweli.

"Naomba uniazime vyote vinne, niko Dar, nitavitunza." (Msomaji, Dar es Salaam)

Mdogo wangu, kila niliyewahi kumuazima kitabu alisema atakitunza. Cha kwanza, cha pili na cha nne viko mezani hapa, vina penseli kila ukurasa, sijui kama utaona maandishi ya Wolfe mwenyewe. Cha tatu, The Sword of the Lictor, nilimuazima rafiki yangu mmoja 2019, namkumbuka kabisa, alikuja jioni mvua inanyesha, nikakifunga kwenye mfuko wa nailoni mweusi, nikamwambia ukikipoteza urafiki basi, na tangu hapo kila nikimwona ananiambia alikirudisha, mimi nakataa, na urafiki kweli umepungua kwa ajili hiyo. Mambo ya aina hii huwa sisahau.

Ndo maana mara hii ya tatu cha tatu nilikisoma kwenye simu.

Sasa juzi Jumamosi nilikuwa napanga sanduku la chini ya kitanda natafuta shuka za wageni. Mfuko wa nailoni mweusi. Nilikaa hapo sakafuni kama dakika kumi. Ndani kulikuwa na kitabu na kikaratasi cha mwandiko wake, ahsante sana, nimekipenda, yule Typhon ni kiboko, na tarehe ya wiki tatu tu baada ya ile jioni ya mvua.

Njoo uvichukue vyote vinne, ila subiri kwanza nimpigie simu mtu.